Ndoo Nyekundu

Jumanne, 4 Machi

Shemeji,

Naandika kwa sababu simu yangu umeifungia. Nimepiga kwa namba ya duka, ukakata. Nimepiga kwa namba ya fundi bomba wa jirani, ukasikia sauti yangu, ukakata kabla sijamaliza kukuamkia. Basi barua hii nimempa Kobe, dereva wa chumvi, kwa kuwa gari lake linapita kwangu na kwako. Kwa mwendo wake ule, wino utakuwa umekauka vizuri kabla hajafika.

Sitaki kufukua yaliyopita. Karakana ya matumbawe tuliianzisha wawili na kila mmoja alitoka na kilicho chake. Wewe unaona nilichukua kingi, mimi naona nilichukua kiasi. Tuyaweke pembeni, maana nina tatizo.

Lile tangi kubwa nimeliweka dirishani, linatazama barabara. Watu wanasimama. Lakini kuna vidudu vimeingia. Ni vidogo kama punje ya ufuta, rangi ya kutu, bapa kabisa, na mkia umegawanyika mara mbili. Mwanzoni nilidhani ni uchafu wa mchanga. Sasa kioo cha nyuma hakionekani, utadhani bati lililoachwa mvuani. Tena wamempanda Bibi, lile tumbawe letu kubwa. Wewe unajua alivyokuwa akifunguka asubuhi, kijani kile, mpana kama sinia. Sasa amejikunja kama ngumi.

Jumamosi ya tarehe 22 nafungua duka rasmi. Meneja wa hoteli ile mpya amekubali kuja. Anataka matumbawe ukuta mzima pale mapokezi, na amesema waziwazi kwamba akipenda atakachokiona dirishani kwangu, kazi ni yangu. Kuna wageni wengine pia. Siwezi kuwaonyesha kutu.

Dawa nimeipata, kichupa kidogo, lakini karatasi yake imeloa na maandishi yamefutika. Niambie tu: matone mangapi kwa lita?

Mke wangu, mdogo wako, anakusalimu. Afya yake nzuri.

Shemeji yako


Alhamisi, 6 Machi

Shemeji,

Niliapa mbele ya mjomba kwamba sauti yangu hutaisikia tena. Kalamu sikuitaja, kwa hiyo nakujibu.

Unasema tuyaweke pembeni. Pembeni ipi? Mimi nilikuwa nimelala hospitali, nyongo imetolewa, tumbo limeshonwa, natembea nimeinama kama ninayetafuta sindano. Wewe ukaja na pikapu. Ukabeba tangi kubwa, taa zote, pampu zote, mashine ya povu ya kusafishia maji, na kila ndoo iliyokuwa na maji ndani. Niliporudi nilikuta mikeka ya mpira sakafuni na alama za miguu ya meza. Hata ufagio uliondoka nao. Mtu anaiba matumbawe, sawa, nitajitahidi kumwelewa. Ufagio?

Halafu Kobe ananiambia ubao wa duka lako umeandikwa "Mwasisi wa Matumbawe". Nikacheka mpaka nyuzi zikaniuma. Miaka yote ile ulikaa mbele, kwenye feni, ukipokea wateja. Ni lini ulitia mkono kwenye maji ya chumvi? Mimi nilianza kwa kusugua vioo vya matangi ya watu, sina mwalimu, sina kitabu. Nikaua samaki nikajua kwa nini amekufa. Bibi nilimpata akiwa kipande kama kidole gumba, kimetupwa kwenye beseni la takataka la tajiri mmoja. Nilimgandisha kwenye jiwe kwa mikono hii. Sinia unayojivunia niliikuza mimi.

Umeniuliza matone kwa lita. Lita ngapi? Usiniambie alizotaja muuzaji wa tangi. Nataka urefu, upana na kina cha maji yenyewe, kuanzia mchangani hadi juu, na mawe yako mangapi. Na tangi la chini, lile la kuchujia, umejaza hadi wapi? Ukikosea hapo, huo mkono unaotia dawa unatia bahati nasibu.

La pili, na ndilo la kwanza: Bibi anarudi kwangu. Mtie kwenye ndoo ya bluu, maji yake mwenyewe, kifuniko kisibane, mpe Kobe. Nikimwona, nitakuwa radhi. Kabla ya hapo hesabu zangu hazitoki.

Fundi


Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu,

Hii nimeikunja ndani ya mfuko wa chumvi, Kobe atakupa mkononi. Simu zako najua mumeo anazipekua.

Kaa chini usome taratibu, maana nataka ucheke pamoja nami.

Unakumbuka ndoo nyekundu? Wewe ndiye uliyezipaka rangi, ile Jumapili ukalalamika kwamba kucha zimeharibika. Cha ndoo ya bluu ni kizima. Cha ndoo nyekundu ni kigonjwa, au kigeni ambacho hakijaoga dawa, na hakiingii tangi kubwa hata kama dunia inawaka. Wewe ulijua. Yule mtoto wa kuosha mipira ya kunyonyea maji alijua. Hata paka wa karakana, nadhani, alijua.

Siku naenda kulazwa, ndoo nyekundu zilikuwa tatu nyuma ya pazia. Mbili zilikuwa na matumbawe yaliyotoka kwa yule mteja ambaye tangi lake lilijaa minyoo ya kutu, vidudu hivyohivyo vyenu. Nilipanga kuyaogesha nikirudi.

Mumeo alizibeba. Hakuuliza rangi, kwa sababu hakuwahi kupita pazia. Akazimimina zote tangi kubwa, akajiona ameniachia mikeka.

Yaani aliiba ugonjwa! Akaubeba kwa pikapu, akaushika magotini asije akaumwaga.

Usimwambie. Nakuomba kama dada yako, hili liache kwangu. Nataka nimwambie mimi, siku nitakayoichagua.

Wewe unakula? Kobe anasema umepungua.

Dada yako


Jumapili, 9 Machi

Shikamoo dada,

Nimecheka. Halafu nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimeshika mpira na maji yakamwagika miguuni.

Niko salama. Mchana nipo dukani, jioni nipo dukani. Wageni wakija ananiita msaidizi. "Msaidizi, washa taa ya bluu." Juzi alikuja bwana mmoja na mwanawe, akawaambia Bibi amemlea tangu akiwa kidole gumba. Alisema hivyohivyo, kidole gumba, maneno yako. Mimi nimesimama pale na kitambaa cha kufutia kioo. Akaniangalia aone kama nitasema kitu. Nikaendelea kufuta kioo.

Ninaloweza kukwambia ni Maharusi. Wale samaki wawili, rangi ya chungwa na mistari myeupe, uliosema hawatakaa pamoja na wamekaa. Mimi ndiye ninayewalisha. Nikitia kidole wanakuja kukibusu, wote wawili, halafu yule mkubwa anamfukuza mdogo kama vile anaona wivu. Humu ndani hao ndio wanaonisalimia asubuhi.

Dada, sitamwambia habari ya ndoo. Lakini ukimwelekeza dawa, mwelekeze vizuri. Mikono inayoingia kwenye hayo maji ni yangu.

Mdogo wako


Jumatatu, 10 Machi

Shemeji yangu mpendwa,

Naona hasira zimekushika, lakini kalamu yako bado ni tamu. Ufagio nitaurudisha.

Vipimo hivi hapa, nimemtuma mdogo wako akapima: urefu sentimita mia mbili, upana sitini, kina cha maji sitini. Mawe mengi, yamefika karibu nusu. Tangi la chini limejaa robo tatu, na lenyewe ni mita moja kwa nusu mita kwa sentimita arobaini. Muuzaji alisema lita mia saba na ishirini. Nikusaidie, nimeandika mia nane ili tuwe upande salama.

Kuhusu Bibi. Shemeji, unanibana pabaya. Dirisha bila Bibi ni kama harusi bila bibi harusi. Lakini afya yake kwanza, nakubali. Nitamtoa. Tupatie hesabu sasa, usitukawize, maana minyoo haisubiri.

Wako,
Shemeji


Jumatano, 12 Machi

Shemeji,

Hakuna kitu kinachoitwa upande salama katika dawa. Kuna kilichopo na kisichopo.

Tangi la juu kwa vipimo vyako ni lita mia saba na ishirini, kweli. Mawe yanakula mia mbili na hamsini hivi, kwa maana mawe yale niliyapanga mimi na nayajua. Zinabaki mia nne na sabini. Tangi la chini ni mia mbili, robo tatu yake mia moja na hamsini. Jumla ni lita mia sita na ishirini. Wewe uliandika mia nane. Ungekuwa unachanganya zege, nyumba ingekuwa imeanguka.

Dawa hiyo ni tone moja kwa lita nne. Matone mia moja hamsini na tano. Hesabu kwa sauti, usihesabu ukiongea na simu. Zima taa, zima mashine ya povu, acha pampu za mzunguko zikizunguka. Mimina yote kwa mara moja upande ambako maji yanaenda kasi. Fanya asubuhi ya Jumamosi yenyewe. Saa moja haitafika, minyoo itaanza kuanguka kwenye kioo kama majani. Wageni wako watakuta kioo kinang'aa.

Hesabu nimekupa mapema kwa ahadi yako tu; Bibi atoke kabla ya dawa. Hilo silirudii.

Fundi


Jumatano, 19 Machi

Shemeji,

Mungu akubariki! Nilijua damu ni damu, hata ya kuoana. Matone mia moja hamsini na tano, nimeyaandika ukutani kwa kalamu nzito.

Bibi yuko njiani. Ndoo ya bluu, kama ulivyoagiza, maji yake mwenyewe, kifuniko hakijabana. Nimempa Kobe mkononi, nikamwambia asipite kwenye mashimo. Akasema barabara yote ni shimo moja refu. Atakufikia Ijumaa.

Na nikwambie, nimemwalika mjomba. Itapendeza akiona familia imepatana. Wewe pia ungekuja, kiti kipo. Nitakutaja kwenye hotuba, pale mwishoni, kwenye watu walionitia moyo.

Mkurugenzi (nimezoea kusaini hivi siku hizi, usicheke)


Ijumaa, 21 Machi, jioni

Mdogo wangu,

Ndoo imefika. Nimefungua. Nimetia mkono mpaka kiwiko nikitafuta.

Ni kidole gumba! Amevunja kipande cha pembeni, amekigandisha kwenye kigae cha bafuni, akanitumia hicho. Bibi mwenyewe yumo bado kwenye lile tangi. Ameficha wapi? Nyuma ya mawe? Upande wa pampu?

Kobe anageuza hapa hapa, lakini gari lake limevunjika rejeta na anasema haliondoki kabla ya Jumapili. Basi la usiku limejaa. Niliapa mbele ya mjomba, nimevunja kiapo changu: nimepiga simu. Namba yake imeita hadi ikakatika. Nimepiga tena. Namba yako imezimwa. Nimepiga duka, akapokea, nikasema "Shemeji, usitie dawa," nikasikia anacheka na watu, akasema, "Huyu hapa, nilijua hatavumilia kesho yangu," akakata. Sasa simu ya duka haiiti.

Sijui kwa nini naandika barua isiyoweza kukufikia.

Mtoe Bibi. Hata kama hutaisoma hii kwa wakati, mtoe.

Dada yako


Jumapili, 23 Machi

Dada,

Sikuamkii leo.

Kobe hajafika, kwa hiyo sijui kama umeniandikia. Hii nitampa akipita.

Nikuambie ilivyokuwa. Barua yako ya matone alinipa mimi niisome, kwa sababu mimi ndiye wa kuhesabu. Niliisoma mara moja, nikaona ni nzuri, ina matusi yake, ina hesabu zake. Nikairudia. Nilikuwa natafuta mpira.

Dada, mimi nilikuwa nashika ndoo wakati wewe unanyonya minyoo. Miaka ile yote sijawahi kukuona ukifungua kichupa kile kabla hujatoa minyoo kwa mpira, siku moja, siku mbili, hadi kioo kibaki na wachache wa kuhesabika. Ulikuwa ukiniambia, hawa wakifa wote kwa pamoja wanatapika sumu waliyo nayo mwilini, na samaki hawana pa kukimbilia. Uliniambia mkaa wa kuchujia uwe tayari kwenye mfuko, umeoshwa, na maji mapya ya chumvi yawe yamechanganywa tangu jana yake. Uliyasema hadi nikayachoka. Na barua yako haina mpira. Haina mkaa. Haina maji mapya. Ina matone tu, na "mimina yote kwa mara moja", na "asubuhi ya Jumamosi".

Nikajua.

Ningeweza kumwambia neno moja. Alikuwa amesimama pale, anajaribu tai mbele ya kioo cha tangi. Akaniuliza, "Msaidizi, hii au ile ya mistari?" Nikasema ya mistari.

Ijumaa, alipotoka kuchukua viti, nilimtoa Bibi. Alikuwa amemchomeka nyuma, chini ya jiwe lile kubwa, gizani, ili akwambie ameondoka na baada ya sherehe amrudishe dirishani. Nilikuwa na ndoo moja ya ziada na pampu moja ndogo ya hewa. Ndoo ilijaa yeye peke yake. Nilikuwa na nafasi ya Bibi au ya wengine, basi nikachagua.

Maharusi waliufuata mkono wangu hadi juu ya maji. Walidhani nimeleta chakula.

Jumamosi alimimina yeye mwenyewe, mbele ya wageni wa kwanza, alitaka waone. Alihesabu kwa sauti. Kweli minyoo ilianguka, kama majani, ulivyosema. Watu wakapiga makofi. Halafu maji yakaanza kuwa na rangi ya chai. Yule samaki wa njano, kangaja, ndiye wa kwanza, alianza kuzunguka kama mtu aliyelewa, akagonga kioo. Mtoto mmoja akauliza, "Baba, kwa nini analala?" Meneja wa hoteli alisimama hadi samaki wa nne, akaweka glasi yake juu ya meza, akaondoka bila kuaga. Mjomba alibaki. Alikuwa akiangalia tangi, halafu mimi, halafu tangi.

Mume wangu alipiga magoti juu ya kiti akitia mikono yote miwili ndani, na tai yake ya mistari ikaingia majini. Alikuwa akiwashika mmoja mmoja akiwainua, utadhani wanakosa hewa ya nje.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, labda dakika tatu.

Dada, samaki wale walikuwa wako kabla hawajawa wake. Ulijua nani anawalisha, nilikuandikia. Nilikuomba jambo moja tu, umwelekeze vizuri. Ulimpigia yeye hesabu hadi lita ya mwisho, mimi hukunihesabu.

Nimehama. Nipo kwa mjomba, chumba cha uani. Bibi yumo kwenye beseni la kufulia, na pampu na hita ndogo niliyoichukua dukani, na sioni aibu kusema nimeichukua. Leo asubuhi alifunguka kidogo upande mmoja.

Hatarudi kwako. Aliyemtoa kwenye yale maji ni mimi. Na wewe usije.

Mdogo wako


Jumatatu, 24 Machi

Wewe mwanamke,

Umeniua. Watu wanapita dirishani wanacheka. Duka zima linanuka, nimefungua milango yote na bado linanuka. Umenitumia sumu ukaiita dawa! Na mke wangu ameondoka na Bibi, mmepanga pamoja, najua mmepanga. Ulinipigia ili unizomee kabla sijaanza.

Kama una utu uliobaki nijibu jambo moja tu. Minyoo ile ilitoka wapi? Tangi lilikuwa safi karakana. Nilitia vitu vyako tu. Uliiweka wewe?

Sina la kusaini.


Jumatano, 26 Machi

Shemeji,

Nakujibu, kwa sababu siku hii niliingojea na sasa imefika imechoka kidogo.

Sikukutumia sumu. Dawa ulinunua mwenyewe na hesabu yangu ilikuwa sahihi hadi tone la mwisho, mpe yeyote aipime. Nilichofanya ni kukunyima. Ulikuja kwangu ukaniuliza matone, nikakupa matone. Mtu aliyekaa nyuma ya pazia hata wiki moja angeniuliza, "Na mpira?" Mdogo wangu aliusoma ule ukurasa akaona kilichokosekana. Wewe, Mwasisi, uliuandika ukutani.

Na nilipokupigia, nilikupigia kukuzuia. Ulikuwa na watu wa kuchekea.

Minyoo. Nyuma ya pazia karakana kulikuwa na ndoo tatu nyekundu. Nyekundu maana yake ni ugonjwa, usiguse. Sikuziweka pale kwa ajili yako, zilikuwepo pale tangu kabla hujajifunza jina la matumbawe. Ulizibeba mwenyewe, na mikono yako, na pikapu yako, nami nimeshonwa tumbo. Ukazimimina mwenyewe. Hakuna mtu aliyekutilia kitu, shemeji. Kila kilichokuwa ndani ya lile tangi ulikichukua kwangu, na hicho pia ulikichukua kwangu.

Ndoo sasa unazo. Zioshe, zitakufaa kuchotea.

Ufagio nao baki nao. Unauhitaji kuliko mimi.

Fundi


Jumatano, 26 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ya Jumapili na yangu ya Ijumaa zilipishana kwa Kobe. Sasa utakuwa umeisoma yangu, unajua nilijaribu, na unajua pia nilijaribu kwa ajili ya nini. Sikuandika "watoe Maharusi". Niliandika "mtoe Bibi", mara mbili. Nimeisoma nakala yake kichwani tangu jana na haibadiliki.

Umesema nisije. Siji.

Umesema hatarudi kwangu. Sawa. Mimi ninacho kidole gumba kwenye kigae cha bafuni. Nilianza na hicho.

Lakini Bibi ametoka kwenye lile tangi akiwa na minyoo mwilini, hata kama huioni. Beseni la kufulia lina maji machache, na kwenye maji machache sumu haihitaji minyoo mingi. Kwa hiyo soma hadi mwisho, na kitu chochote usichokielewa mtume Kobe aniulize, au piga, nitapokea.

Pima maji ya beseni kwa chupa ya lita moja, chupa kwa chupa, usikadirie. Mkaa nimekutumia, mfuko mmoja ndani ya chumvi hii, uoshe hadi maji yake yasiwe meusi. Changanya chumvi leo, uitumie kesho, ndoo mbili zijae, na uziache ziwe na joto sawa na la beseni. Tafuta ndoo ya tatu ya kumwogeshea Bibi peke yake. Ukimtia humo, mtikise polepole, umpulizie kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila mkunjo, hasa chini yake, mahali pasipopata mwanga, maana huko ndiko wanakojificha. Dawa ni tone moja kwa lita nne, na humo ndani hutafika hata matone matano. Kaa naye. Usiondoke hata kupokea simu. Wakianguka, mtoe, msuuze kwa maji mapya, mtie kwenye maji mapya mengine. Yale ya zamani mwaga chooni. Mkaa uweke karibu na pampu. Rudia wiki ijayo, hata ukimwona mzima, hata kama amefunguka kama sinia.

Ndoo utakayomwogeshea, ipake rangi. Unajua rangi gani.

Na sasa rudi juu ya karatasi, kabla ya chupa ya lita, kabla ya mkaa, kabla ya dawa. Kuna kipande cha mpira nimekuzungushia kwenye mfuko wa chumvi, mwembamba, ule wangu wa zamani wenye alama ya meno. Mwangalie Bibi kwa tochi, upande mmoja mmoja, usiharakishe.

Nyonya kwanza.

Dada yako